Riwaya ya uhalifu inayofukuta, Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa waandishi wa Mombasa na mwambao wanaotaka kuandika riwaya ya uhalifu ya mwendo wa taratibu: kifo cha zamani, kashfa iliyofunikwa, na watu ambao huwezi kuwaita wema wala wabaya. Tunaanza na ya msingi, tunamalizia na yale yanayowakwamisha hata wazoefu.

Mfano mmoja wa kubuni unatumika kote. Mwaka 1988, katika nyumba ya mawe Mji wa Kale, binti mmoja mpiga taipu wa ofisi ya wakili anakutwa amefariki chini ya ngazi. Anazikwa siku ile ile. Nyumba ilikuwa wakf wa ukoo, yaani mali iliyotengwa kwa manufaa ya ukoo na isiyouzwa, na kaka yake ndiye msimamizi. Mwaka 2018 nyumba inatafutiwa mnunuzi kama mali ya mtu binafsi, na mpwa wa marehemu anaanza kuuliza. Tutauita mfano huu "nyumba ya mawe".

## Mambo ya msingi

Riwaya ya uhalifu inayofukuta ni ya namna gani?

Ni ile ambayo tendo lenyewe limekwisha fanyika kabla ya ukurasa wa kwanza, au linafanyika mapema na kimya kimya, kisha kitabu kizima kikawa ni habari ya walio hai. Kufukuzana ni kuchache, bunduki pengine haipo kabisa. Kinachomvuta msomaji ni kutaka kujua nani alijua, alijua tangu lini, na kunyamaza kwake kulimfaa nani. Swali la nani aliua lipo, lakini msomaji makini atakuwa ameshalijibu theluthi moja kabla ya mwisho, na bado hakiweki kitabu chini, kwa sababu sasa anataka kuona wenye siri watajitendaje.

Nitajuaje kwamba mwendo wa taratibu umegeuka kuwa mzigo?

Kila ukimaliza sura, jiulize: ni nani sasa anajua jambo ambalo jana hakulijua? Kama hakuna, sura hiyo haina kazi, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha tamu namna gani. Msomaji anahesabiwa pia. Sura inaweza kuwa ni chai ya alasiri tu, mahamri na mbaazi, mpwa na halati yake aliye hai, yaani dada mwingine wa mama yake, wamekaa, na bado ikawa imesogea hatua kubwa:

— Halati, hii ngazi ilitengenezwa lini?
— Kabla ya msiba. Marehemu babangu ndiye aliyeleta mafundi.

Sura nne baadaye mjomba mtu, bila kuulizwa, anasema ngazi ilikuwa mbovu siku ile na ndiyo iliyomponza dada yake. Hakuna aliyepaza sauti. Lakini kuanzia hapo msomaji hawezi tena kumsikiliza mjomba kama zamani.

Wengi wanaofikiri riwaya yao ni ya taratibu wameandika maelezo marefu ya machweo ya bahari. Huo ni urembo. Taratibu inayotakiwa ni ya habari kufika, na kila habari ifike kwa mtu ambaye itamuuma.

Ni lazima awepo mpelelezi?

Si lazima. Mpelelezi wa kazi anaingia nyumba za watu kwa kibali, na kwa hadithi ya namna hii ni bora anayeuliza awe mtu wa ndani, asiyeweza kuondoka baada ya kupata jibu. Mpwa katika nyumba ya mawe ana haki ya kupanda juu hadi chumba cha wanawake, anajua funguo zinawekwa wapi, na Idi ikifika atakula sinia moja na watu anaowashuku. Afisa wa polisi hawezi kupewa hayo yote.

Kiswahili kina mapokeo ya kuandika hivi, au tunaiga?

Kinayo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha mpelelezi wake, Bwana Msa, kwa wasomaji katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, na mafumbo ya Bwana Msa yalifumbuliwa zaidi kwa kukaa, kuzungumza na kupekua nasaba za watu kuliko kwa kupigana. Njia ilishafyekwa.

## Siri na kashfa ya zamani

Nichague kashfa gani?

Chagua inayohusu kitu ambacho watu wa hapa wanakilalia macho: ardhi, nyumba, mirathi, jina la ukoo. Kuna waandishi wanaokimbilia dawa za kulevya na makontena ya bandari ya Kilindini, na si vibaya, ila kashfa ya magenge huishia kwa wageni wasiojuana. Kashfa ya nyumba inawakuta watu wa damu moja.

Mombasa imejaa mambo ya namna hii kwa sababu za kihistoria. Ukanda wa maili kumi wa mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hata Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, na ulikabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Usajili wa ardhi wa enzi ya ukoloni, ulioanza na sheria ya mwaka 1908, uliacha familia chache na hati na wengi bila. Ndiyo maana hadi leo kuna mitaa ambako mtu anamiliki nyumba lakini kiwanja si chake: analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, pengine mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, ya mwaka 2004, na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 zinasomeka kwa wazi. Zisome ujue mambo yalivyokuwa yakifanyika: hati ilivyobadilishwa, nani alitia sahihi, faili lilipotelea wapi. Kisha funga ripoti na ubuni yako.

Wakf una uzito wa pekee. Mali ikishawekwa wakf haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kwa hiyo siku inapopatikana hati inayosema ni mali ya mtu mmoja, kuna uongo mahali fulani, na uongo huo umemkosea aliyeweka wakf, ambaye hayupo kujitetea, na watoto ambao hawajazaliwa. Mpiga taipu wa nyumba ya mawe alipigishwa chapa karatasi hiyo kazini kwake akaona jina la kaka yake. Hicho ndicho chanzo.

Msomaji ataamini vipi kwamba mtaa mzima ulinyamaza miaka thelathini?

Hili ndilo swali kubwa, na ukilijibu vizuri umeshapata riwaya. Watu wanaoandika kwa kukopa sinema za nje hujibu kwa vitisho: kila aliyejua alitishwa. Hilo linatosha kwa mtu mmoja au wawili. Mtaa haunyamazi kwa kutishwa. Hapa kwetu mtaa hunyamaza kwa sitara.

Tumelelewa kwamba aibu ya jirani hufunikwa. Anayemsitiri mwenziwe duniani, Mungu atamsitiri duniani na akhera. Hilo hufundishwa mtoto tangu madrasa. Ni tabia njema kabisa, na bila hiyo watu wasingeweza kuishi katika vichochoro ambamo dirisha la huyu linatazama kitanda cha yule. Riwaya ya uhalifu ya Mombasa inaanza pale tabia hii njema inapomfaa muuaji.

Mtazame mwanamke aliyemwosha marehemu. Mwosha maiti amekatazwa kutangaza aibu aliyoiona mwilini. Bi huyu, pale kitandani, udi ukifuka na kafuri imeshatayarishwa, alipomgeuza binti aliona alama za vidole juu ya mikono yote miwili, karibu na mabega, mbichi. Mtu aliyeanguka ngazi hana alama za kushikwa. Akatazama upande wa mama wa marehemu, mama akatazama sakafu. Bi akaendelea kumimina maji. Hakuna aliyemtisha wala kumpa senti. Alitimiza wajibu wake kama alivyofundishwa, na kwa kuutimiza akamkinga aliyeua. Miaka thelathini anajiuliza alilofanya lilikuwa ibada au dhambi, na hana wa kumuuliza, kwa kuwa hata kuuliza ni kutangaza.

Ukiwa na mtu mmoja kama huyu, huhitaji majambazi. Wape wengine wenye siri sababu zao kwa uzito huo huo. Mama alikwisha mzika mtoto mmoja na hakutaka wa pili apelekwe kunyongwa. Mpangaji wa chini alisikia ugomvi usiku, lakini yeye ni mtu wa kuja na chumba ni cha kodi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika nyumba hii ni tano au sita, kila moja na sababu yake.

Kwa nini siri itoke sasa na si miaka kumi iliyopita?

Pana haja ya jambo la kawaida lililoilazimisha. Kuuzwa kwa nyumba, kama katika mfano wetu, ni zuri. Kifo pia: mtu akifariki, mirathi inafunguliwa na karatasi zinatolewa kabatini. Ukipenda, mfishe mjomba mwanzoni kabisa. Mkewe atakaa eda ya miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, kila mwanamke wa mtaa akija kumpa pole na kuzungumza. Umejipatia muda wa riwaya, mahali pake na mashahidi, bila kulazimisha lolote. Na hesabu ya mirathi yenyewe inaleta kani: mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha, mtoto wa kiume sehemu ya wa kike wawili, lakini nyumba ya wakf haipaswi kuingia katika hesabu hiyo hata kidogo.

Au ukuta ndio useme. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu zikalazwa boriti za mikoko. Fundi akiziba mahali kwa saruji, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na baada ya miaka inafura na kubambuka huku chokaa ya kandoni ikiwa salama. Mama wa marehemu aliziba kidaka kimoja, yaani shubaka la ukutani, kwa saruji mwaka 1988. Fundi wa mwaka 2018, anayepaka rangi ili nyumba ipendeze machoni mwa mnunuzi, anagonga pale panapobambuka anasikia uwazi. Ndani kuna nakala ya kaboni ya hati. Huyo mama angeweza kuichoma. Kwa nini aliificha badala ya kuichoma? Sura nzima imo katika swali hilo.

Nimwambie msomaji ukweli mapema, au nifiche hadi mwisho?

Mwambie mapema kuliko moyo wako unavyotaka. Siri ikifichwa kwa msomaji hadi ukurasa wa mwisho humpa mshtuko mmoja. Akijua yeye huku mpwa hajui, kila mara mpwa anapobusu mkono wa mjomba wake pana jambo linamkaba. Kitu kimoja tu kibakie cha mwisho, na kiwe sababu ya tendo. Mkono uliotenda unaweza kujulikana zamani.

## Wahusika wasio wema wala wabaya

Nitamwandikaje mtu wa katikati bila kumfanya mbaya mwenye tabasamu?

Usimgawie mazuri na mabaya kwa mizani, kidogo cha huku na kidogo cha kule. Tafuta jambo moja alilolifanya ambalo ndani yake wema na ubaya havitengani. Mjomba wa nyumba ya mawe aligeuza wakf kuwa mali yake, akaiweka rehani, na fedha zile ndizo zilizomlipia mpwa wake ada ya shule tangu darasa la kwanza hadi chuo. Alimlea kama mwanawe. Sasa mpwa anayetafuta haki ya halati yake aliyekufa amesoma kwa fedha za kosa lile lile. Kila anachogundua kinamdai na yeye. Hapo huna haja ya kumweleza msomaji kwamba mambo ni magumu.

Msomaji atampendaje aliyeua?

Hana haja ya kumpenda. Amwelewe, na amwone akifanya kazi yake kwa bidii. Mtu anayefuatana na mafundi alfajiri, anayemkumbuka mwenye duka aliyelazwa, anayeswali jamaa kila siku safu ya pili, hatusahau alilofanya, ila tunashindwa kumweka mbali. Mwache ajitetee mara moja, kwa maneno yake, bila kukatizwa, na maneno hayo yawe na nguvu. Mwandishi anayemwogopa muuaji wake humpa maneno dhaifu.

Polisi nimwandike mla rushwa?

Unaweza, lakini rushwa peke yake haitoshi kumfanya mtu. Koplo aliyeandika "ajali" mwaka 1988 pengine alipewa bahasha. Pengine pia aliona mama anayelia, familia inayotaka kuzika kabla ya magharibi, shekhe amesimama mlangoni, na yeye ni kijana wa bara aliyehamishiwa Pwani juzi, hajui hata salamu za hapa. Kumpasua binti wa watu kungezua ghasia mlangoni. Akaandika walichotaka. Mwaka 2018 amestaafu, ana shamba na wajukuu, na anaikumbuka nyumba ile kuliko zote alizowahi kuingia. Mpe na yeye uzito uliompa mwosha maiti.

## Mombasa yenyewe

Hadithi niiweke mtaa gani?

Mtaa uchaguliwe na kashfa. Wakf na nasaba zinakaa vizuri Mji wa Kale. Kodi ya ardhi na wapangaji wengi chini ya paa moja ni Majengo, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa kati na vyumba pande mbili, ambako kila mtu anasikia kikohozi cha mwenziwe. Changamwe ina kiwanda cha kusafisha mafuta kilichosimamisha usafishaji mwaka 2013, na watu waliopoteza kazi na pamoja nayo sababu ya kunyamaza. Likoni ina feri, na feri ni mahali pazuri mno pa kuwakutanisha watu wanaokwepana, kwa kuwa wakishapanda hakuna pa kukimbilia hadi ng'ambo.

Usitumie mitaa yote. Kitabu kinachopita Nyali, Kongowea, Tudor na Kizingo ndani ya sura tatu kinasomeka kama ramani ya mtalii.

Bahari na majira nivitumieje?

Vitumie kama ushahidi. Tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukaribia mita 4, na maji mafu yakifika hupungua sana. Maiti iliyoonekana kwenye mikoko ya Tudor saa kumi na mbili asubuhi iliingia na maji yapi? Mvuvi mzee atalijibu hilo kwa kutazama mwezi, na huenda akawa ndiye pekee anayejua kwamba taarifa ya polisi haiwezekani. Masika ya Aprili hadi Juni yanafungia watu ndani na kuvujisha mapaa. Kaskazi ya Desemba hadi Machi inawatoa nje barazani usiku. Mazungumzo ya siri hayafanani katika misimu hii miwili.

Makosa gani ya nyakati hujitokeza zaidi?

Kaunti na gavana ndani ya mwaka 1988. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013; kabla ya hapo kulikuwa na Mkoa wa Pwani na mkuu wake. M-Pesa ilianza mwaka 2007, kwa hiyo bahasha ya koplo ilikuwa bahasha kweli. Sauti ya Kenya ilikuwa haijawa KBC, jambo lililotokea mwaka 1989. Idara ya upelelezi iliitwa CID, wala hapakuwa na DCI. Daraja la Nyali la sasa lilikuwepo tangu mwaka 1980. Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, watu walivuka daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi mwaka 1958, kwa hiyo mzee wa riwaya yako anaweza kuwa alifungwa humo, baba yake pia, lakini kijana wa 1988 hawezi. Na treni ya SGR haibebi abiria kabla ya mwaka 2017.

Mazungumzo yawe ya Kimvita, lahaja ya Mombasa?

Yawe ya mtu anayezungumza. Bibi wa Kibokoni atasema "Ndoo, mwanangu, keti hapa, wataka nini?" Mjukuu wake atajibu kwa Kiswahili cha shule kilichochanganyika na cha matatu. Mpakuzi wa mizigo bandarini anaweza kuwa Mkamba, Mluo au Mdigo. Koplo wa bara atakosea ngeli na watu watamstahi mbele yake. Kimvita kizito ukikimimina kila mahali utamchosha msomaji wa Dodoma au Nakuru. Kitie kwa wazee, na kitie pale wanapokasirika au wanapoomboleza.

Vyeo vya heshima visikosewe. Ami ni ndugu wa baba, mjomba ni ndugu wa mama, halati ni dada wa mama. Katika hadithi ya mirathi, kuchanganya hayo ni kuchanganya nani anarithi.

Majini na uchawi viingie?

Viingie kama wanavyovisema watu. Mtaa ukisema nyumba ina wenyewe na ndio waliomsukuma binti, uvumi huo una anayefaidika nao. Usiwadhihaki wanaouamini.

## Sheria na taratibu

Kesi ya miaka thelathini inaweza kufunguliwa?

Ndiyo. Sheria ya Kenya haina ukomo wa muda kwa kosa la kuua. Ugumu uko kwenye ushahidi: faili limepotea, mashahidi wamekufa, koplo hakuandika alichoona. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye tangu Katiba ya 2010 ni ofisi huru. Mwaka 1988 mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Kumbuka pia tofauti kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kumsukuma mtu ngazini katikati ya ugomvi kuna mjadala, na mjadala huo ni mali kwa mwandishi. Aliyesaidia kuficha baada ya tendo naye ana kosa lake.

Madai ya nyumba ni habari nyingine. Kurudisha ardhi kuna ukomo wa miaka 12, ila palipo na ulaghai muda huanza kuhesabiwa pale ulaghai ulipogunduliwa au ulipoweza kugunduliwa kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo nakala iliyotoka kwenye kidaka ina thamani mahakamani, na mjomba anajua.

Kaburi linaweza kufukuliwa?

Kwa amri ya mahakama. Lakini fikiria utakachokipata. Baada ya miaka thelathini nyama na michubuko havipo tena. Mfupa uliovunjika unaweza kuonekana. Alama za vidole alizoziona mwosha maiti haziko kaburini. Ziko kwake yeye tu. Ukifukua kaburi katika sura ya kumi bila kulijua hilo, umeupa umma tamasha na hukupata ushahidi. Ukilijua, utaona kwa nini hadithi yote inamrudia bibi mmoja mzee.

Kadhi ana mamlaka gani?

Ibara ya 170 ya Katiba inampa masuala ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika kwake. Hahukumu mauaji. Waandishi wengi humfikisha muuaji mbele ya kadhi. Msiwafanye hivyo makadhi.

Mhalifu atanyongwa?

Mara ya mwisho Kenya kunyonga ilikuwa mwaka 1987. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, ikawarudishia majaji uwezo wa kupima. Mama wa marehemu mwaka 1988 hakuwa na habari hizo. Kitanzi kilikuwa cha kweli machoni pake, na hilo lieleweke kabla hujamhukumu.

## Mikwamo

Naweza kutumia maafa ya kweli, kama feri ya Mtongwe?

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Kuna nyumba Likoni na Mtongwe ambazo hadi leo zinaihesabu miaka kwa siku hiyo. Nimeona miswada inayoitumia kwa ajili ya kumpoteza mhusika: alidhaniwa kafa majini kumbe alitoroka. Naomba usifanye hivyo kwa wepesi. Wapo waliosubiri ufukweni siku nyingi wakitumaini jambo hilo hilo litokee, na haikuwa hadithi kwao. Kama lazima, basi maafa yawe na uzito wake, waliokufa watajwe kama watu, na mhusika wako aliyejificha nyuma ya msiba wao abebe aibu hiyo hadi mwisho wa kitabu. Ikiwa unachotaka ni mtu kutoweka tu, kuna njia nyingi. Mtie kwenye jahazi.

Hali ni hiyo hiyo kwa machafuko ya Likoni ya Agosti 1997. Watu walifukuzwa makwao na wengine waliuawa, na Tume ya Akiwumi ilisikiliza ushahidi wake. Usiyafanye mandhari ya nyuma.

Kashfa yangu imetokana na familia ninayoifahamu. Nibadilishe kiasi gani?

Badilisha hadi wao wenyewe wasiweze kusema "huyu ni sisi" kwa uhakika: mtaa, kazi, idadi ya watoto, mwaka, namna ya kifo. Jina peke yake halitoshi. Aliye hai anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina, na muda wa kufanya hivyo kisheria ni miezi 12 tangu uchapishe. Marehemu hashtaki, lakini ana watoto, na mtakutana msibani. Ofisi na mashirika pia yabuni yako. Mswada ukikaribia kuchapwa, wakili ausome.

Kuna jambo lililo juu ya sheria. Ulichoambiwa chini ya sitara hukuambiwa ukiandike. Kama hadithi yako inauliza ni wakati gani kunyamaza kunakuwa kosa, swali hilo linakuhusu wewe kabla ya wahusika wako. Baki na hisia uliyoipata uliposikia. Matukio yaache kwa wenyewe.

Nikimaliza bila mtu kukamatwa, msomaji atakasirika?

Hatakasirika kama umemlipa kwa jambo jingine. Anachotaka ni mtu mmoja afanye uamuzi usiorudishika. Mwosha maiti akiandika ushahidi wake mbele ya kamishna wa viapo, au akikataa akifahamu wazi gharama ya kukataa kwake, kitabu kimeisha, hata kama mjomba bado anaswali safu ya pili. Kisichosameheka ni kumaliza kwa mjomba kuugua ghafla na kufa. Hapo umemtoroshea msomaji.

Wachapishaji wanaipokea riwaya ya namna hii?

Soko la vitabu vya Kiswahili Kenya linategemea sana shule, na mchapishaji atauliza kama kitabu kinaweza kusomwa darasani. Usiikate riwaya ili itoshee darasani. Peleka kwa wanaochapa fasihi ya watu wazima, au chapa mwenyewe. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya, na hakimiliki unaweza kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Nani asome mswada kwanza?

Mtu mzima aliyekulia mtaa unaouandika, ikiwezekana mwanamke, kwa kuwa nusu ya siri za nyumba zimo upande ambao wanaume hawaingii. Msomee kwa sauti kama hasomi. Usimuulize kama kapenda. Muulize ni wapi alijua kabla ya kuambiwa, na ni mhusika gani angemfungulia mlango usiku.